Mtafiti, usimpe mchoraji skripti, mpe ndoo

Kazi yangu hapa Dar ni kuwakutanisha wanafunzi wanaochora katuni na watafiti, wanakaa wawili wawili mpaka utafiti unatoka kwenye ripoti unakuwa hadithi ya kurasa chache ambayo mtu anaimaliza ndani ya daladala kabla hajashuka. Wengi wanadhani mtafiti anaandika, mwanafunzi anachora, basi. Ukienda hivyo unaishia na bango lenye maneno mengi.

Nitoe mfano wa homa ya dengue maana huo ndo ulionifundisha zaidi. Dar tunaijua, 2014 ilitupiga, 2019 ikarudi. Mbu wake mkuu anaitwa Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, na wala hahitaji mtaro mchafu, anachotaka ni maji yaliyotulia kwenye ndoo, pipa, tairi bovu.

Nilimuunganisha dada mmoja mtafiti wa mbu na kijana wa mwaka wa pili anayesomea sanaa. Dada akaja na skripti yake tayari: mbu, mgonjwa, halafu "mwageni maji yaliyotuama". Nikamwomba aiweke pembeni kwanza, kikao cha kwanza kwangu ni kuongea tu, mchoraji aulize chochote. Kijana akauliza, dada, kiangazi hawa mbu wanaendaga wapi?

Hapo ndo kazi ilianza. Dada akaeleza kwamba mbu wenyewe wanakufa ndani ya wiki chache ila mayai yanabaki, jike anataga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipofika, na yai likishakomaa linaweza kukaa kavu miezi kadhaa, mvua ikinyesha maji yakapanda yakaligusa linaanguliwa, viluwiluwi hao, na kwa joto letu hili baada ya wiki moja hivi mpaka siku 10 una mbu anaruka.

"Kwahiyo nikimwaga maji mayai yanabaki kwenye ndoo?"

Yanabaki.

"Sasa mbona umeandika mwageni tu?"

Dada anajua kabisa kwamba ndoo inatakiwa isuguliwe ndani, anafundisha hiyo kitu kila mwaka, lakini kwenye ujumbe wa mtaani ilikuwa imedondoka njiani na sisi wote tuliosoma ile skripti hatukuona. Aliyeiona ni mtu ambaye alikuwa anawaza atachora nini kwenye fremu inayofuata.

Hadithi ikawa ndoo moja, uwani, Mbagala, fremu sita pembe ileile: mvua, mama anamwaga maji, jua, kuku anapita, jua, mvua tena. Kwenye katuni ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu msomaji anaijaza mwenyewe, so kati ya jua na jua unapitisha miezi mitatu bila kuandika neno hata moja, na yai bado lipo palepale linasubiri. Mi naipenda sana hiyo.

Kuhakiki tunafanya kwenye penseli, sio baada ya wino, maana kurekebisha wino ni kumchosha mwanafunzi bure. Dada alirudisha mambo mawili: mbu alikuwa ametua huku ameinua mkia juu, huo ni mkao wa Anopheles wa malaria, wa dengue analala sambamba na ukuta. Na palikuwa na mwezi angani wakati anauma.

Kisha tukapeleka kijiweni kwa bodaboda na kwa mama lishe jirani yao. Mama akashika karatasi akauliza, "Wanangu, hivi vidoti ni masizi?" Kijana akataka kuongeza mshale na maelezo, nikamzuia, kwa sababu hata kwenye ndoo ya kweli mayai yanaonekana hivyohivyo, vidoti vyeusi kama masizi! Basi mama wa kwenye hadithi akapewa hayo maneno, "masizi tu haya", na binti yake anachukua dodoki anasugua.

Halafu hili nalisema kila kikao kabla ya chai: jina la mwanafunzi linakaa pamoja na la mtafiti, na analipwa. Bajeti ya utafiti inakuwaga na mafuta ya gari na posho za vikao, mchoraji naye aandikwe humo tangu siku ya kwanza, sio kutafutiwa chenji iliyobaki.