Usimwage samaki mgeni bwawani ili ale viluwiluwi vya mbu

Malalamiko tunayopokea msimu huu yanafanana: maji ya bwawa yamekuwa kijani kizito na alfajiri sato wanapanda juu kutafuta hewa, na wengine humtuhumu jirani kwamba ametia sumu. Tukidadisi, mara nyingi mfugaji alipewa samaki wadogo akawamwaga bwawani ili wamalize mbu.

Anayetajwa zaidi ni Gambusia, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini, aliyesambazwa nchi nyingi katika karne ya 20 kwa ajili ya malaria. Viluwiluwi anakula, hatukatai. Ila huwinda kwa macho, hivyo huwamaliza pia Dafnia, vijidudu vya majini vinavyochuja na kula mwani, yaani vimea vidogo sana vinavyoyafanya maji kuwa kijani. Wakiisha hao, mwani hukosa mlaji. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha hivyo hivyo: penye Gambusia, Dafnia walipungua mno na maji yakawa kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huitumia pamoja na samaki, na kabla ya mapambazuko inakuwa imepungua kabisa. Kwa hiyo tunaomba wananchi waache kumtuhumu jirani kwamba ametia sumu.

Wapo pia wanaodhani kijani chochote ni uchafu, wakafungulia bwawa lote. Kijani cha wastani ni chakula cha sato! Zamisha mkono wima hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni mapema, kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi: simamisha samadi, punguza chakula, ongeza maji safi kidogo kidogo. Kikionekana vizuri hadi kiwiko, mwani ni haba.

Kuhusu kibali: kuingiza nchini samaki hai wa kigeni bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya Tanzania Na. 22 ya mwaka 2003. Anza kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yako, kwa maandishi, ukitaja aina ya samaki, anakotoka, idadi na bwawa atakakowekwa. Subiri jibu kwanza. Aliyekwisha kuwamwaga asiwahamishie mtoni kwa hofu, atoe taarifa.

Na mbu je? Kata nyasi za kingoni, maana ndimo viluwiluwi hujificha. Kisha fuga sato wenyewe: utafiti wa Kisii, Kenya, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba walipunguza sana viluwiluwi katika mabwawa yaliyokuwa yametelekezwa.