Hatifungani ya serikali ni nini, na mstaafu anunue ya miaka mingapi

Wazee wetu wengi wakishapata kiinua mgongo wanaambiwa "nunua bondi za serikali, utakula riba mpaka uzeeni" halafu maelezo yanaishia hapo hapo. Mwingine anaogopa akisikia miaka 25, anasema mimi nina miaka 61 hiyo hela nitaifaidi lini, mwingine anatumbukiza yote bila kuuliza kitu. Wote wawili hawajaelezwa, na hii ni hela ya miaka 30 kazini jamani, lazima ielezwe vizuri.

Hatifungani, ndo hiyo hiyo bondi, ni mkopo, na anayekopesha ni wewe. Serikali inahitaji hela ya bajeti, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) inaitisha mnada kwa niaba yake, wewe unatoa hela yako, na serikali inakuahidi vitu viwili: kukulipa riba kila baada ya miezi sita, na kukurudishia mtaji wako siku muda ukiisha. Hiyo riba ya kila miezi sita ndo watu wa soko wanaita kuponi, na siku ya kurudishiwa mtaji wanasema hatifungani imeiva. Muda unaanzia miaka 2, kisha kuna 5, 7, 10, 15, 20 na 25. Ile ya 25 ndo changa kuliko zote, imeanza 2021. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1, juu ya hapo unaongeza kwa laki laki. Zile za chini ya mwaka mmoja (siku 35, 91, 182 na 364) ni kitu kingine, zinaitwa dhamana za muda mfupi na hazina kuponi, unanunua kwa bei pungufu halafu unalipwa kamili.

Sasa kuponi inakuwaje. Hatifungani ya miaka 25 ya 2021 ilitoka na kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Aliyekuwa na milioni 10 humo anapata 1,595,000 kwa mwaka, yani 797,500 kila miezi sita, inaingia yenyewe kwenye akaunti ya benki, huendi kupanga foleni popote. Mwaka uliofuata, 2022, viwango vya matoleo mapya vikashushwa, ya miaka 25 ikawa 12.56, kwa hiyo milioni 10 hiyo hiyo inazaa 628,000 kila miezi sita. Baadaye vikapanda tena. Lakini aliyenunua ile ya 15.95 hakuguswa na kushuka, na aliyenunua ya 12.56 hakunufaika na kupanda, kwa sababu kuponi ikishaandikwa haibadiliki mpaka iive. Kwa mzee anayeishi kwa bajeti hapo ndo pana uzuri mkubwa, unajua mwezi fulani inaingia kiasi fulani mpaka mwaka fulani.

Kwa hiyo turudi kwa mzee wa miaka 61 na bondi ya miaka 25. Miaka 25 haina maana kwamba unasubiri miaka 25 ndo uone kitu, unaanza kula baada ya miezi sita. Anayekula ni wewe, mtaji ukiiva na haupo watakula warithi. Na huko katikati ukitaka kutoka unaweza kuuza, kwa sababu hatifungani hizi zinaandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), unamwambia dalali wako akutafutie mnunuzi.

Ila hapa kwenye kuuza ndo wengi wanaambiwa nusu. Wanaambiwa "unauza muda wowote" hawaambiwi "kwa bei ya siku hiyo". Serikali imekuahidi mtaji kamili siku ya kuiva tu, ukiuza kabla unauzia mtu mwingine na huyo mtu ana hesabu zake. Tuseme una hatifungani ya milioni 10, kuponi asilimia 12, imebaki miaka 20, na sa hivi sokoni watu wanapata asilimia 15 kwenye matoleo mapya. Nani atakupa milioni 10 kamili kwa kitu kinachozaa 12 wakati jirani anauza kinachozaa 15? Atakupa kama milioni 8.1 hivi. Serikali haijakudhulumu hapo, ahadi yake iko pale pale, ni wewe umehitaji hela kabla ya wakati. Na kadiri miaka iliyobaki inavyokuwa mingi ndo bei inavyoyumba zaidi, ya miaka 2 haiwezi kukuumiza hivyo.

Upande wa pili nao upo. Viwango vikishuka, kile chenye kuponi kubwa kinapanda bei. Chukua kuponi ya 15, imebaki miaka 20, soko liko 12, hapo milioni 10 inauzwa kama milioni 12.2. Kwa muuzaji ni sherehe, lakini wewe mstaafu unayeletewa na mtu akakwambia "mzee nimekupatia ile yenye riba kubwa ya zamani" tulia kwanza. Ukitoa milioni 12.2 kununua hatifungani iliyoandikwa milioni 10, siku ya kuiva utarudishiwa 10, sio 12.2. Ile 2.2 ya juu unarudishiwa kidogo kidogo ndani ya kuponi, kwa hiyo ukila kuponi yote ukidhani ni faida tupu unakuwa unakula na kipande cha mtaji wako. Muulize dalali swali moja tu: nikikaa nayo mpaka iive, kwa bei hii, napata asilimia ngapi kwa mwaka? Hiyo namba ndo ya kulinganisha, kuponi peke yake inadanganya.

Hata kwenye mnada wenyewe bei sio lazima iwe 100 kwa 100, yani shilingi 100 kwa kila 100 iliyoandikwa. Kuna wanaotaja bei yao na kushindana, hao mara nyingi ni mabenki na mifuko ya pensheni, na kuna wasioshindana, ambao wanakubali bei ya wastani ya walioshinda. Mstaafu wa kawaida akae huku kwa wasioshindana, hana sababu ya kupigania senti na mabenki halafu akakosa kabisa. Ila ajue tu anaweza kulipa pungufu au zaidi kidogo ya kiasi kilichoandikwa.

Suala la kipato cha kila mwezi. Umeme, dawa, na sukari havisubiri miezi sita. Ujanja wanaotumia wastaafu waliozoea ni kugawa hela kwenye matoleo tofauti ambayo kuponi zake zinaangukia miezi tofauti. Moja inalipa Januari na Julai, nyingine Februari na Agosti, nyingine Machi na Septemba, ukifika sita kila mwezi kuna kitu kinaingia. Haihitaji kuwa na mamia ya milioni, mwenye milioni 30 anaweza kuweka tano tano. Angalia tarehe za kuponi kwenye tangazo la mnada, maana toleo linaloendelezwa, yani linalofunguliwa tena kwa wanunuzi wapya, linafuata tarehe zake za mwanzo na sio siku uliyonunua wewe.

Na usizipeleke zote kwenye miaka 25. Maoni yangu mimi, na nayasimamia: hela ambayo unajua utaihitaji ndani ya miaka miwili mitatu (kumalizia nyumba, ada ya mjukuu, matibabu ambayo daktari ameshayataja) isiingie kwenye hatifungani ndefu hata kidogo. Iache benki au iweke kwenye za muda mfupi. Ya katikati iende miaka 5 mpaka 10, na ile ambayo kweli huna mpango wa kuigusa ndo iende 20 na 25.

Kuna kitu kingine kinakula pole pole na hakuna anayekisemea kwenye vikao vya kuaga wastaafu, nacho ni kupanda kwa bei. Mfumuko wa bei Tanzania miaka ya karibuni umekuwa wa asilimia 3 hadi 4 na kitu, sio mkubwa, lakini fanya hesabu ya asilimia 4 kwa miaka 25: milioni 10 utakayorudishiwa itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na milioni 3.75. Na kuponi nayo ni ile ile, laki 6 na kitu ya leo sio laki 6 na kitu ya mwaka wa 15. Ndo maana anayeweza kuishi bila kula kuponi yote, hasa miaka ya mwanzo akiwa bado ana nguvu na labda na kashamba, achukue sehemu ainunulie hatifungani nyingine. Mwenye pensheni ya kila mwezi PSSSF au NSSF anaweza hili kuliko asiye nayo.

Kununua sio kazi ngumu. Huendi BoT dirishani, unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa aliyesajiliwa, wanakufungulia akaunti ya hatifungani, unapeleka kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki inayosoma jina lako. Minada ni Jumatano, matokeo yanatoka siku hiyo hiyo na malipo yanafanyika siku inayofuata, kwa hiyo hela iwe kwenye akaunti mapema. Riba ya hatifungani ndefu haikatwi kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla riba haijakufikia), tofauti na riba ya akaunti ya kawaida ya muda maalum. Na hela hatoki nayo mtu mkononi, hata awe mtoto wa rafiki yako, hata awe na shati lenye nembo ya benki. Inatoka kwenye akaunti yako kwenda benki au kwa dalali na unapewa uthibitisho wenye jina lako.

Asiyefikisha milioni, au asiyetaka kufuatilia minada, kuna Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS (taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja) ulioanza 2019, unaanza na shilingi 50,000, na mwenye milioni 10 anaweza kuchagua kulipwa kila mwezi. Huko hela za watu wengi zinawekwa pamoja wao ndo wananunua. Kuponi ya kudumu yenye namba yako huipati, ila kutoka ni rahisi zaidi, na kwa mjane mwenye milioni 3 naona kunamfaa kuliko kuhangaika na mnada.

Jambo la dhamana. Hatifungani inakubalika benki kama dhamana ya mkopo, na hilo ni zuri ukipata dharura maana huuzi kwa bei ya hasara, unakopa kidogo na kuponi zinaendelea. Lakini vijana nao wameshalijua hilo. Akija mwanao na wazo la biashara akakuomba uweke bondi dhamana, elewa kwamba akishindwa kulipa benki inachukua hatifungani, na wewe na mama mnabaki na pensheni tupu. Kumsaidia mtoto ni wajibu mzuri, bora umpe kuponi ya mwaka mmoja kuliko kumwekea mtaji wote.

Mwisho warithi. Mwenye hatifungani akifariki haipotei na hairudi serikalini, ila haihami mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama apeleke barua ya usimamizi benki au kwa dalali aliyekuwa anashughulika nayo. Familia nyingi zinakwama hapa sio kwa sababu ya sheria ila hakuna aliyekuwa anajua kama hatifungani ipo. Andika kwenye karatasi moja jina la benki au dalali, namba ya akaunti ya hatifungani, kila toleo na mwaka wake wa kuiva, na miezi kuponi inapoingia. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa mtu mmoja unayemwamini, na kila ukinunua nyingine uongeze mstari.