Dawa na sisi ambao hatuoni: mambo ya uongo tunayoambiwa kila siku

Sisi ambao hatuoni na tunameza dawa kila siku hapa Nairobi tunaambiwa mengi, na hii ndio inaniuma zaidi: ati mtu asiyeona hawezi kujua dawa inamsumbua, kwa hivyo daktari anaongea na yule aliyekuleta, "huyu anameza dawa vizuri?", na wewe umekaa hapo hapo unasikia.

Si kweli kabisa. Madhara mengi unayasikia mwilini. Enalapril, dawa ya presha, inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, amlodipine, nayo ya presha, inaweza kufurisha miguu, na hiyo utaijua viatu vikianza kubana jioni, alafu bonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu kwa sekunde chache, ukiachilia upapase kama kashimo kamebaki. Kinachohitaji macho ya mtu ni rangi. Rifampicin ya TB inageuza mkojo, jasho hata machozi kuwa rangi ya machungwa, hiyo ni kawaida msishtuke nyumbani, lakini macho au ngozi ikigeuka njano ini linaweza kuwa linaumia, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ingine ni ati kama huoni tena dawa ya matone ya glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho, ni kuharibu pesa. Wacha! Presha ya jicho inaweza kupanda na kuuma vibaya sana hata kwa jicho lisiloona, usiache bila kuongea na daktari wa macho. Tena watu hudhani matone hubaki kwa jicho tu. Timolol, moja ya matone hayo ya glakoma, hupitia kona ya jicho ikashuka puani ikaingia kwa damu, inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kumbana kifua mwenye asthma, kwa hivyo sema mapema kama unayo. Ukishaweka tone funga macho, ubonyeze polepole kona iliyo karibu na pua kama dakika mbili.

Na hii ya kujua tembe kwa kupapasa, jameni, nyingi zinafanana, na kampuni ikibadilika umbo pia linabadilika. Kwa duka la dawa mwambie mhudumu asome jina, dozi na madhara huku unarekodi na simu, kila dawa kwa pakiti yake, ufunge rababendi moja kwa ya asubuhi na mbili kwa ya usiku.

Kizunguzungu kikikushika barabarani na fimbo mkononi usiikatize dawa kimyakimya, mwambie daktari abadilishe dozi ama saa. Mgonjwa mwenyewe pia anaweza kuripoti madhara kwa Pharmacy and Poisons Board, bodi ya serikali inayosimamia dawa Kenya, si lazima daktari akufanyie.