Jangwani ikifungwa: jinsi ninavyoupima ustahimilivu wa Dar es Salaam

Kazi yangu ni kutathmini miji: mji unaweza kuhimili nini, utaangukia wapi, na ukianguka utachukua muda gani kusimama tena. Viongozi, na waandishi wa habari pia, huniuliza kwanza jambo moja: "Sasa Dar imepata ngapi?" Wanataka alama, kama za mtihani wa darasa la saba, wajue tuko juu au chini ya Nairobi. Vipimo vya kutoa alama hizo vipo na nitavieleza. Lakini mimi huanzia kwingine. Barabara ya Morogoro ikifungwa na maji pale Jangwani, inapovuka bonde la mto Msimbazi, saa kumi na mbili asubuhi, nini kingine kinafungwa nayo, na kinafungwa kwa nani?

Tunatazama mafungu mawili. La kwanza ni majanga ya ghafla, na usidhani ni mvua tu. Mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka Mbagala Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto Februari 2011. Ghorofa liliporomoka katikati ya mji Machi 2013 likaua watu 36. Jingine likaporomoka Kariakoo Novemba 2024. Soko lenyewe la Kariakoo liliungua Julai 2021. Fungu la pili ni shida sugu, ambazo hazipigiwi king'ora: visima vinavyoingiwa na chumvi, mitaro iliyojaa tope, familia zinazokula kile kilichopatikana leo, mji unaokua kuliko ramani yake. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5. Ya 2012 ikakuta milioni 4.36, na ya 2022 milioni 5.38. Wengi wao wamejenga kwenye viwanja ambavyo havijapimwa.

Ripoti nyingi huyaweka mafungu haya kwenye sura mbili, kila sura na mwandishi wake, na hapo ndipo zinapoanza kupotea. Mafuriko ya Dar ni shida sugu iliyopata siku yake.

Niseme kidogo kuhusu vipimo vyenyewe. Kinachotajwa sana ni kile cha kampuni ya Arup, kilichotengenezwa kwa msaada wa taasisi ya Rockefeller: nyanja 4, malengo 12, viashiria 52. Nyanja hizo ni afya na ustawi wa watu, uchumi na jamii, miundombinu na mazingira, na uongozi. Arusha ilikuwa miongoni mwa miji mitano ya kwanza kukijaribu, pamoja na Liverpool na Hong Kong. Umoja wa Mataifa nao una kadi yake ya alama, iliyojengwa juu ya mambo kumi ya msingi. Vyote ni vyombo vizuri vya kuwakalisha meza moja watu wasiokaa pamoja: wa maji, wa umeme, wa zimamoto, wa mipango miji. Nimeona mikutano ambayo mhandisi wa barabara na mganga mkuu walikuwa wanasalimiana kwa mara ya kwanza. Faida hiyo peke yake inatosha kuilipia kazi.

Ila wastani ni mwongo. Ukichukua Masaki ya matajiri na Kigogo ya bondeni ukazigawanya kwa mbili, unapata mtaa ambao haupo popote. Ndiyo maana nikishamaliza kujaza kadi naiweka pembeni, nachukua ramani ya bonde la Msimbazi.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka upande wa Kinyerezi na Tabata, unapita Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini pale kwenye daraja la Selander. Ni mto mfupi. Mvua ikipiga kule juu, maji hayana safari ndefu hadi mjini. Huko juu miti imekatwa na nyumba zimepanda vilima, na kila bati na kila sakafu inaongeza maji yanayotiririka badala ya kuzama ardhini. Maji hayo yanabeba mchanga. Mteremko unapoisha, mchanga unatua, sakafu ya mto inapanda, na uwazi chini ya daraja unazidi kupungua. Hupelekwa mtambo wa kuchimba, mchanga unachotwa, masika mengine yanaujaza tena. Kwa hiyo mvua ambayo zamani ingepita chini ya daraja, leo inapita juu ya lami. Ukiangalia takwimu za mvua peke yake hutalielewa jambo hili kamwe.

Mvua za tarehe 20 hadi 22 Desemba 2011, ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilizitaja kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, ziliua zaidi ya watu 40. Zile kweli zilikuwa za kupindukia. Lakini tangu hapo Jangwani imefungwa mara nyingi kwa mvua zisizo na sifa yoyote. Mashabiki wa Simba hufurahia sana picha za uwanja wa Kaunda wa Yanga, ulio palepale Jangwani, ukiwa bwawa. Mimi huzikusanya kwa sababu ukiijua tarehe na urefu wa ukuta, umepata kipimo cha kina.

Sasa tazama kilichowekwa kwenye bonde hilo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, depo yake ilikuwa Jangwani, ndani ya njia ya maji. Maji yakija, barabara inakatika, mabasi yanayoitumia yanazama au yanakimbizwa, na karakana ya kuyatengeneza nayo iko majini. Janga moja linachukua vitu vitatu ambavyo vilitakiwa kuokoana. Katika tathmini tunatafuta njia ya akiba: kikifa hiki, kipi kinabeba mzigo? Ukichora njia za akiba za mtu wa Manzese anayempeleka mgonjwa Muhimbili, utakuta ya Kigogo inavuka Msimbazi, ya Kawawa kupitia Mkwajuni inavuka bonde lilelile, na hata Selander ni mdomo wa mto huohuo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limeongeza nafasi kweli, ila liko upande wa Oysterbay. Mwenye bajaji na mgonjwa anayetapika atalizungukia lini? Kwenye kadi ya alama mji unaonekana una njia nne. Kwenye ramani una mto mmoja.

Hasara nayo haionekani vizuri ukihesabu madaraja tu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mafuriko ya Aprili 2018 yalizigharimu kaya zaidi ya dola milioni 100: magodoro, friji, mtaji wa mama lishe, siku za kibarua zilizopotea. Nyingi ya hizo haziingii kwenye ripoti ya maafa ya wilaya, kwa sababu fomu inauliza nyumba zilizobomoka.

Na kuna vyoo. Sehemu ndogo tu ya nyumba za Dar imeunganishwa na bomba la majitaka. Zilizobaki zina mashimo. Wakazi wa mabondeni wanajua kinachofuata mvua ikianza: watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia shimo uchafu uondoke na maji. Ni kosa kisheria, na ukipiga hesabu ya gari la kunyonya ambalo haliwezi kuingia uchochoroni, utaelewa kwa nini linaendelea. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Kinondoni na kusambaa nchini kilikuja wakati si wa masika. Kwa hiyo siwezi kuilaumu mvua. Mashimo na visima vilivyo jirani viko pale mwaka mzima. Mgonjwa wa kwanza anahitajika tu.

Upande wa maji safi napendelea kipimo cha siku. Maji mengi ya mji yanatoka mto Ruvu, unaotokea milima ya Uluguru, yakisukumwa na mitambo miwili mikubwa, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Vuli ya 2022 ilipochelewa, mto ukashuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, ikatangaza mgao. Mtaani nauliza: bomba likikauka leo, utakaa siku ngapi kabla ya kununua? Mwenye simtanki mbili (matangi makubwa ya plastiki) na kisima Mbezi anasema wiki, labda mbili. Mpangaji wa Tandale mwenye madumu manne anasema kesho kutwa. Na kesho kutwa hiyo bei ya dumu imepanda, maboza yanapiga foleni, na boda anayeleta maji analipwa kuliko anayebeba abiria. Ukame mmoja, siku mbili za mmoja, wiki mbili za mwingine. Hapo ndipo ninapoandika ustahimilivu wa mtaa, kwa siku, na sihitaji alama ya mia. Mradi wa visima vya Kigamboni, uliozinduliwa Novemba mwaka huohuo, ni njia ya akiba ya kweli kwa sababu hautegemei Ruvu. Bwawa la Kidunda litasaidia kiangazi, lakini bado ni Ruvu, na mitambo ya kusukuma bado inahitaji umeme.

Takwimu za mtaani tunazipata wapi? Kwa Dar tuna bahati. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, kuchora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Walikwenda pia mlango kwa mlango kuuliza maji yalifika wapi. Mama wa Hananasif, mtaa wa bondeni, anakuonyesha mstari ukutani, kiunoni kwake, na kompyuta yoyote ya kutabiri mafuriko itabidi ikubaliane na mstari huo. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanajua pia nani hawezi kutembea, nani analala peke yake, kikoba kipi kinakopesha wakati wa msiba. Hayo hayamo kwenye viashiria 52, au yamo kwa jina kubwa lisilojazwa.

Kwenye uongozi sipotezi muda kusoma mipango. Nauliza nani mwenye mto. Tangu 2021, ilipovunjwa halmashauri ya jiji iliyounganisha mkoa mzima na Ilala kupewa hadhi ya jiji, bonde hili liko mikononi mwa Jiji, Ubungo na Kinondoni, na chanzo chake kiko Kisarawe, mkoa wa Pwani. Kibali cha ujenzi kinachotolewa juu kinalipwa na mwenye nyumba wa chini, ambaye hampigii kura aliyekitoa.

Baada ya 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini karibu na Bunju. Wengine walikaa. Wengine waliuza wakarudi bondeni, wakaitwa wabishi. Ukiwauliza watakutajia nauli, Kariakoo wanakobeba mizigo, shule, na wateja wa vitumbua. Tathmini ya hatari peke yake ingesema wamefanya ujinga. Ukiweka pesa ya kila siku pembeni ya maji ya mara moja kwa mwaka, uamuzi wao unasomeka. Ndiyo maana bomoabomoa ya nyumba za bondeni ya Desemba 2015 haikuniridhisha kama suluhisho: iliondoa kuta na kuacha sababu.

Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Una daraja jipya la Jangwani, kuhamisha depo, bustani ya mji kwenye bonde, na kazi za kupunguza mchanga kule juu. Daraja litaondoa adha ya barabara. Hilo sina shaka nalo. Ninachotaka kipimwe ni vitu viwili visivyo na gharama. Kwanza, kina cha mchanga chini ya daraja, Februari kabla ya masika na Juni baada yake, kila mwaka, kwa fimbo yenye alama. Kikiendelea kupanda, vilima vya Pugu bado vinashuka mjini na daraja limenunua miaka tu. Pili, waliolipwa fidia wakahama wako wapi leo. Simu zao zimo kwenye mafaili ya malipo. Kama wengi wamenunua kando ya kijito kingine cha mto huohuo huko Kinyerezi, tumehamisha mafuriko kwa pesa ya mkopo, na ni bora tujue mwaka wa pili kuliko wa kumi. Anatakiwa ofisa mmoja mwenye jukumu hilo kwenye barua yake ya ajira, na tarehe ya kuyatundika majibu kwenye ubao wa matangazo wa kila kata ya bondeni.