Cheti cha polisi na ajira: kipi kinaweza kukuzuia na kipi hakipaswi

Kila msimu wa korosho unapokaribia, dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mtwara huanza kupokea vijana wanaotafuta kazi za ulinzi wa maghala, udereva wa malori na ukarani kwenye AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Wapo pia wanaotaka kuingia kwa makandarasi wa gesi kule Madimba au kwenye kiwanda cha saruji Msijute. Wameshakamilisha vyeti vya shule na barua ya serikali ya mtaa, wamekwama kwenye sharti moja tu: mwombaji alete cheti cha polisi kinachoonyesha kuwa hana rekodi ya uhalifu. Wengi hukiita cheti cha tabia njema. Na wengi wanaokuja kwetu wanaanza kwa maneno yanayofanana: "Mimi niliwahi kulala kituoni."

Wengi wa hao hawajawahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, lakini wameacha kuomba kazi kwa hofu. Wengine wanayo hatia ya mahakama na hawana habari kama wanayo. Makundi yote mawili yanaponzwa na jambo lile lile, yaani kutotofautisha kutuhumiwa na kutiwa hatiani.

Kukamatwa si hatia. Kuandikisha maelezo polisi, kuwekwa mahabusu, kutoka kwa dhamana, hata kupandishwa kizimbani na kusomewa mashtaka, vyote hivyo ni hatua za kutafuta ukweli. Hatia huja pale hakimu au jaji anapotamka kuwa umepatikana na kosa. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kwa hiyo kijana aliyezolewa katika msako wakati wa vurugu za gesi za mwaka 2013 hapa Mtwara, watu walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, akakaa ndani siku kadhaa kisha akaachiwa bila kushtakiwa, hana hatia ya kuitangaza kwenye fomu ya ajira. Ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi yake mahakamani, na kwa yule aliyeshinda rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, au Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Ninachowasihi watu hawa ni kitu kimoja: chukueni nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri wa mahakama na muitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kumbukumbu ya hukumu ya kwanza ikibaki mahali bila ile ya rufaa, karatasi hiyo ndiyo itakayokusaidia kuomba irekebishwe.

Upande wa pili kuna faini. Mtu kapigana kwenye kilabu cha pombe, kafikishwa Mahakama ya Mwanzo, kakiri kosa asubuhi, kalipa faini na mchana yuko nyumbani. Miaka inapita, anaulizwa kama aliwahi kutiwa hatiani, naye anajibu hapana kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa hakwenda jela. Lakini aliyetozwa faini na mahakama kwa kosa la jinai ametiwa hatiani, sawa na aliyepewa kifungo cha nje au aliyeamriwa kufanya huduma kwa jamii. Ukiri wa haraka wa kumaliza usumbufu unaweza kukufuata kwenye ajira kwa muda mrefu, hivyo muone msaidizi wa kisheria kabla ya kukiri, siyo baada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure.

Sasa upekuzi wenyewe, yaani ukaguzi wa rekodi ya mwombaji polisi, unafanywaje? Maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi, malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba ya Serikali, na mwombaji huchukuliwa alama za vidole, ambazo wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi wa jinai huzilinganisha na zile zilizomo kwenye kumbukumbu. Watu huuliza kwa nini wasumbuliwe kwa wino wakati majina wameshatoa. Sababu kubwa ni majina hayohayo. Ukanda wetu wa kusini umejaa akina Saidi, Hamisi, Mohamedi, Mussa na Abdala, na kwa kuwa jina la pili ni la baba na la tatu la babu, watu watatu wa tarafa moja wanaweza kuwa na majina matatu yaliyofanana herufi kwa herufi. Halafu mtu huyohuyo ni Hadija kwenye cheti cha kuzaliwa, Khadija kwenye cheti cha kidato cha nne na Hadidja kwenye kadi ya kliniki. Upekuzi wa jina peke yake unaweza kumbambikia mtu hatia ya jirani yake, au kumwacha mhalifu apite kwa kubadili herufi moja. Alama za vidole hazina wajina. Mwajiri anayetegemea kuuliza mtaani, au kupiga simu kwa mtu anayemfahamu kituoni, anajiweka kwenye hatari hiyo, tena anamdhulumu mwombaji ambaye hatajua kamwe kwa nini hakuitwa.

Kuna shida ya vidole ambayo sehemu nyingine za nchi huenda hawaijui. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Kina mama wanaobangua kwa mkono, hasa wasiotumia glavu wala kupaka majivu, vidole vyao hubabuka na mistari ikafifia mpaka haisomeki. Mafundi uashi wanaoshika saruji mbichi na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi hupata matatizo ya namna hiyo. Alama zisiposomeka, fomu hurudishwa na siku za kuomba kazi zinapita. Habari njema ni kwamba ngozi iliyobabuka juu juu ikipona, mistari hurudi ileile. Pumzisha mikono na kazi hiyo kwa wiki chache kabla ya kwenda, ipake mafuta, na mweleze askari mapema unafanya kazi gani ili achukue alama kwa uangalifu. Mwajiri naye asichukulie fomu iliyorudishwa kama dalili ya uhalifu.

Jihadharini na vishoka. Wanazunguka karibu na vituo vya intaneti wakiahidi cheti cha polisi kwa siku moja bila alama za vidole. Cheti hicho ni cha kughushi, na kughushi nyaraka chini ya Kanuni ya Adhabu ni kosa linaloweza kukupeleka jela hadi miaka saba. Inaniuma kuona mtu asiye na doa hata moja akijitafutia hatia ya kwanza maishani kwa kutaka kuthibitisha kuwa hana hatia.

Kwa waajiri nina maneno mengi zaidi, maana uamuzi uko mikononi mwao. Swali la kujiuliza ni kama kosa lililothibitishwa lina uhusiano na kazi yenyewe. Mtu aliyetiwa hatiani kwa wizi akiwa mtumishi, chama cha ushirika kina sababu ya haki ya kutomkabidhi malipo ya wakulima. Fedha za korosho za kijiji kizima zikipotea, kuna nyumba zitakazolala njaa. Dereva aliyeua kwa uzembe barabarani haonewi akinyimwa usukani wa basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam. Lakini kwa nini mwanamke aliyetozwa faini miaka 9 iliyopita kwa kupika pombe haramu anyimwe kazi ya kufungasha korosho kiwandani? Kwa nini aliyepigana akiwa na miaka 19 asipewe kazi ya kupaka rangi akiwa na 35? Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayofanya hatia nyingi zihesabiwe kuwa zimekwisha baada ya muda fulani bila kosa jipya, isipokuwa kwa kazi nyeti kama za kulea watoto. Mwajiri wa hapa hahitaji kusubiri sheria ya namna hiyo ili apime uzito wa kosa, umri wa mtu alipolitenda, na miaka aliyoishi vizuri tangu hapo. Mtu aliyemaliza adhabu yake na kila mlango ukafungwa usoni mwake, jamii imemwachia njia ipi?

Yapo maeneo ambayo mwajiri hana hiari. Matangazo ya kujiunga na Polisi, Magereza na Uhamiaji huweka sharti la kutowahi kupatikana na hatia ya jinai, na hilo linaeleweka. Leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo haitolewi bila kumchunguza mwombaji. Mkulima wa Liwale anayelia na tembo shambani asidhani kuwa uchunguzi huo ni wa kumkomoa.

Kwa walio kazini tayari, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37(5), inamzuia mwajiri kumwadhibu au kumfukuza mfanyakazi kwa jambo ambalo kimsingi ndilo aliloshtakiwa nalo mahakamani, mpaka kesi na rufaa yake zifike mwisho. Anaweza kumsimamisha kazi kwa malipo. Aliyefukuzwa kinyume cha hapo aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwani muda huo ukipita itabidi kwanza aombe kuongezewa.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote niliyoyataja. Cheti safi kinasema tu kwamba mahakama haijamtia mtu huyu hatiani. Hakisemi kuwa hajawahi kutenda. Huku kwetu mashauri mengi mazito humalizwa nyumbani: mtoto kachezewa na mwalimu wa tuisheni, wazee wa pande mbili wakakaa, fedha zikatolewa, na yule mtu akahamia wilaya nyingine. Karani kala fedha za chama, ndugu wakachanga wakarudisha, hakuna aliyekwenda polisi. Watu hao wote wawili watapata cheti safi kabisa. Kwa hiyo shule, madrasa na vituo vya kulelea watoto visiishie kwenye karatasi. Pigeni simu kwa aliyemwajiri kabla yenu, ulizeni aliondokaje, na wekeni utaratibu wa mtu mzima kutobaki peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa. Na familia zinazomaliza kesi za watoto kwa fedha zijue zinamwandalia mtu huyo mtoto mwingine wa kumdhuru.

Taarifa zinazopatikana kwenye upekuzi si mali ya ofisi nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za makosa ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida zinahitaji ridhaa yake ya maandishi. Afisa rasilimali watu anayepiga picha cheti cha mwombaji na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp anavunja sheria, na aliyefanyiwa hivyo anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nimalizie na wenzetu waliowahi kuishi ng'ambo ya Ruvuma. Cheti cha Tanzania kinapekua kumbukumbu za Tanzania. Aliyefanya kazi Palma au Pemba ya Msumbiji kwa miaka kadhaa anaweza kudaiwa pia cheti cha Msumbiji, hasa kwenye kampuni za kigeni za gesi, na kile hutolewa na mamlaka za huko. Anza kukifuatilia mapema, kabla tangazo la kazi halijatoka, na uweke pamoja nakala za pasipoti au hati ya dharura ya safari uliyovukia kwenye vituo vya mpakani vya Kilambo au Mtambaswala, maana tarehe zilizogongwa humo ndizo zitakazoonyesha uliishi wapi na lini.