Jua la Alasiri na Bili ya Umeme Serikalini

Nchini Kenya, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya yuniti 180,000 za umeme kwa mwaka likaguliwe angalau mara moja kila miaka 3, kisha mwenye jengo achukue hatua za kuokoa si chini ya nusu ya kile ambacho mkaguzi ameonyesha kuwa kinaweza kuokolewa. Hizo ni wastani wa yuniti 15,000 kwa mwezi, na ofisi kubwa yenye viyoyozi hapa Pwani huzifikia upesi.

Mimi ni mkaguzi wa aina hiyo, na nikiingia na vipimo vyangu, wengi hudhani nimekuja kuhesabu taa. Taa ni kazi nyepesi: unatoa mrija wa wati 36, unaweka wa LED wa wati 18, basi. Kazi ngumu ni joto linaloingia ndani.

Katika ofisi moja ya umma mjini Mombasa nilikuta chumba kinachotazama magharibi, kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini. Saa tisa alasiri kioo kile kilikuwa na nyuzi joto 41 kwa upande wa ndani. Makarani walikuwa wamekibandika magazeti, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, na mama aliyeketi chini yake amejifunga leso mabegani kwa baridi.

Huku kwetu karibu na ikweta, jua la adhuhuri huwa juu sana, kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa na upenu mfupi tu; la alasiri huwa limeshuka upande wa magharibi, likapenya madirisha ya upande huo moja kwa moja chini ya upenu. Ndiyo maana jengo hufaa linyooke kutoka mashariki hadi magharibi, na ngazi, vyoo na stoo ziwekwe kwenye ncha zake. Uamuzi huo hufanywa kwenye mchoro, na mara nyingi hauongezi gharama. Jengo likishasimama, hubaki kufunga vibao vya kivuli kwa nje, kwa sababu pazia la ndani hukutana na joto ambalo limeshavuka kioo.

Kwa hiyo naamini sharti la kivuli liandikwe katika hati za zabuni, kabla ya kutajwa aina ya kiyoyozi. Katika ofisi ile, kupandisha kiyoyozi hadi nyuzi 24 kulifanyika papo hapo kwa rimoti. Vibao vya nje bado vinasubiri bajeti.