Miaka 48, kazi Dodoma, familia Dar: maswali na majibu

Swali: Kazi ninayo Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, kiwanja ninacho, ila hamu ya maisha imeniisha. Ni ugonjwa?

Kufika umri wa makamo na kujiuliza maswali si ugonjwa. Ila usikimbilie kusema "ni umri tu". Huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki 2, huku usingizi na ulaji vikivurugika, huenda ni sonona, nayo inatibika. Pima pia sukari, presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu au tezi inayofanya kazi chini ya kiwango humchosha mtu vilevile. Kwa mama wa miaka 45 hadi 55, jasho la usiku na usingizi wa kukatika huweza kuletwa na ukomo wa hedhi. Bia za jioni huzidisha huzuni na kuharibu usingizi.

Swali: Natuma hela kila mwezi. Mbona binti yangu hapokei simu?

Hela imelipa ada. Yeye alikuhitaji wewe. Wengi hukosea hapa: huitisha kikao cha ukoo, mtoto anasamehe mdomoni kwa heshima ya wazee, kisha ananyamaza zaidi. Mfuate mwenyewe, na ulitaje kosa kwa jina: "Mwanangu, niliahidi kuja kwenye mahafali yako ya kidato cha nne, sikuja. Nimekukosea." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini nilikuwa nawatafutia maisha", umeshajitetea, na radhi imekufa. Usidai msamaha siku hiyohiyo.

Kisha chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumatano saa 2 usiku, dakika 10 tu. Usianze na matokeo ya mtihani. Asipopokea, mwachie ujumbe mmoja wa sauti, usipige mara tano. Ahidi kidogo unachokiweza: tangu 2024 treni ya SGR inafika Dar kwa saa chache, basi wikiendi moja kwa mwezi inawezekana. Ahadi moja ikivunjika sasa, itamuuma kuliko zile za zamani.

Swali: Na kama kuna nyumba ndogo?

Ivunje kwanza. Kabla ya kurudi kitandani kwa mwenza wako, pimeni VVU wote wawili.

Swali: Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, niende lini?

Sonona ikianza kukushinda, hata kama bado unakwenda kazini. Ukiwaza kujiua, nenda leo hii, Mirembe au hospitali yoyote iliyo karibu, ukisindikizwa. Anayekusindikiza aondoe nyumbani sumu za wadudu na vidonge vilivyobaki.